Magurudumu Yasiyo na Kitovu

Wivu wa mwanaume kwa mwanaume mwenzake tunaujua, hauna hata haja ya kusimuliwa. Lakini mwanaume kumwonea gere mke wake mwenyewe wa ndoa, tena kwa sababu ya magurudumu, hayo yalimpata Fundi Kimya peke yake. Na kama alidhani mtaa haukuona, basi alikuwa anajidanganya.

Hakuitwa Kimya kwa kuwa mpole wa maneno. Maneno alikuwa nayo mengi kuliko nati zake. Jina lilitokana na kazi. Alikuwa anabalansi magurudumu ya magari ya kizamani nyumbani kwake, sebuleni, na akianza alitaka dunia yote inyamaze. Dirisha lifungwe, feni izimwe, pazia lisitikisike, mtu asikohoe. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alikuwa akiwaambia wateja wake, "Pigeni chafya sasa hivi jamani, Kimya akishafunga dirisha mtanikosanisha naye."

Wala haikuwa mbwembwe. Magari yale yalikuwa na rimu za ajabu. Rimu ya kawaida ina tundu kubwa katikati, na mashine za kompyuta za gereji hulikamata gurudumu hapo. Hizi zilishikwa na nati tatu tu za pembeni, na katikati palikuwa bati zima, halijatobolewa. Ukizipeleka gereji, vijana wanatazamana, kisha mmoja anakwambia, "Mzee, gurudumu lako halina kitovu, tulishike wapi?" Halafu wanakuelekeza kwa Kimya.

Kimya alikuwa amesimika nguzo ya chuma kwenye kona ya sebule, pale ambapo sakafu imenyooka kuliko kwingine. Juu ya nguzo alifunga habu, kile kichwa ambacho gurudumu hufungiwa, aliyoing'oa kwenye gari lililokufa la aina ileile. Beringi zake alizifuta grisi yote akazitia mafuta mepesi ya cherehani, ambayo ni ya mkewe. Gurudumu likifungwa pale na kuachiwa, linajizungusha lenyewe polepole mpaka upande mzito unakaa chini. Unapiga alama ya chaki juu, unabana kipande cha madini ya risasi ukingoni mwa rimu, unaliachia tena. Ukiona sasa unaliacha popote na linakaa popote, kazi imeisha. Pumzi ya mtu tu inaweza kulidanganya. Miaka kumi na tisa Kimya aliifanya kazi hiyo, na ubao wa mlangoni aliuandika kwa mkono wake: KIMYA, BALANSI YA MAGURUDUMU YA KIZAMANI.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Meza yake ilikuwa chumba hichohicho, chini ya dirisha, kwa ajili ya mwanga. Mumewe akibalansi, yeye anaacha kukanyaga cherehani, anachukua vifungo na kushona kwa mkono, haongei. Hiyo ni miaka kumi na tisa ya vifungo. Mtu akitazama jambo moja muda wote huo asilielewe, huyo ni kipofu, na mama yule alikuwa anatunga uzi kwenye sindano bila miwani.

Sasa sikilizeni kosa lilipoanzia. Siku moja mke yuko sokoni, Kimya akaifungua habu ili aipake rangi nguzo. Ikamponyoka. Ikatua sakafuni puu, ikamega sementi. Akaiokota, akaizungusha kwa kidole, ikazunguka. "Haina kitu," akajiambia. Akaifunga tena, akasogeza mkeka ukafunika pale palipomeguka, na siri akaimeza.

Miezi mitatu ikapita. Wateja waliacha magurudumu yao jioni, wakayafuata kesho yake, na hakuna aliyelalamika isipokuwa mmoja: daktari wa meno.

Huyu daktari alikuwa na gari aliloachiwa na marehemu baba yake, na alilipenda kiasi kwamba hakukubali lilale juu ya mawe bila gurudumu hata usiku mmoja. Alikuwa akija asubuhi, anavua gurudumu pale nje, anasubiri libalansiwe, analifunga mwenyewe na kuondoka. Mara ya kwanza akarudi: usukani unatetemeka. Kimya akarekebisha. Akarudi tena. Mara ya tatu hakusubiri nje. Aliingia sebuleni akakaa kwenye kochi.

"Fundi, leo siondoki hapa mpaka kieleweke."

"Daktari, unajua nina wateja wangapi? Wote hawajarudi. Ni wewe tu! Kaangalie usukani wako."

"Usukani nimebadilisha kila kitu."

"Basi kaangalie dereva."

Ndipo sauti ikatoka chini ya dirisha. "Baba watoto, hebu lifungue hilo gurudumu, lisogeze tundu moja la nati, ulifunge tena."

Kimya aligeuka kama mtu aliyesikia kabati likimsemesha. "Unasema?"

"Gurudumu la cherehani yangu lina mahali pake pa kusimama. Nishone hariri, nishone turubai, linasimama palepale. Si kosa la kitambaa, ndivyo lilivyo lenyewe. Labda na hiyo habu."

"Ebo! Daktari, umemsikia mke wangu? Leo ananifundisha habu."

"Si ujaribu tu, fundi," daktari akasema. "Unapungukiwa nini?"

Kimya akalifungua kwa hasira, akalisogeza tundu moja, akalifunga. Lile gurudumu ambalo dakika moja iliyopita lilikuwa linakaa popote ukiliacha, sasa likaanza kujizungusha, taratibu, bila haya, likasimama. Akalisogeza tena. Likazunguka tena. Na kila mara uzito ulikuja kusimamia upande uleule wa habu. Kumbe muda wote mwongo hakuwa gurudumu.

Daktari akaruka kutoka kwenye kochi. "Mama! Kumbe fundi wa nyumba hii ni wewe!"

Alisema kwa kutania. Lakini utani ule ulimwingia Kimya kama mfupa wa samaki kooni, na haukutoka.

Alikwenda kwa wauza vyuma chakavu akapata habu nyingine nzima, akaifunga, magurudumu yakatulia. Yeye hakutulia. Daktari wa meno ana faida moja juu yetu sisi wengine: anaongea na watu waliopanua midomo, hawawezi kumkatiza. Haukuisha mwezi, kila mwenye gari la kizamani alikuwa amelala kwenye kile kiti akasimuliwa habari za mama wa cherehani. Wakaanza kuja. Wanafika mlangoni, wanasoma ubao wenye jina la Kimya, wanamkuta Kimya mwenyewe kasimama mbele yao, halafu wanamuuliza, "Samahani, mama yupo?"

Mwanaume alikuwa anaungua. Naomba nilitaje jambo kwa jina lake: ulikuwa wivu, wa kumkosesha mtu hamu ya chai. Kilichomkata maini zaidi hakikuwa wateja, ilikuwa namna mkewe alivyofanya ile kazi. Hakufunga dirisha. Hakuzima feni, aliigeuzia ukutani tu. Upepo ukiingia, anaungoja upite. Aliliachia gurudumu kwa vidole viwili, anakaa kwenye kigoda, anaendelea kutafuna uzi, na gurudumu linamwambia kila kitu. Kimya aliomba ukimya miaka kumi na tisa, na huyu anabalansi huku redio inasoma vifo na matangazo! Na ukimsifu anakwambia, "Msifuni fundi, mimi nimejifunzia kwake." Hilo nalo lilimchoma. Angeringa kidogo, angepata cha kumlaumu.

Akaanza vituko. Akaficha chupa ya mafuta ya cherehani. Mkewe akanunua nyingine. Akasema kelele za cherehani zinamsumbua, ahamie chumbani. Mama akahamisha meza bila neno, na wateja wakawa wanapita mbele ya Kimya wakienda kubisha hodi chumbani kwake mwenyewe. Siku mbili tu, akairudisha meza yeye kwa mikono yake.

"Naona kiwanda kimepata meneja," kinyozi alimwambia akimnyoa.

"Wewe kata nywele."

"Nakata. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Ila wewe, ndugu yangu, kikulacho ndicho kinachokushonea hizo nguo."

Kimya akatoka na nusu ya kichwa imenyolewa, ikabidi arudi.

Jioni moja daktari akaja na magurudumu manne kwenye gari la kukodi. Amefunga matairi mapya, ana safari ndefu, safari hii amekubali kuliacha gari kwake kwenye jeki, atayafuata asubuhi. Akayapanga ukutani, akampa Kimya mkono, akasema kwa tabasamu jeupe la kazi yake, "Fundi, usinielewe vibaya. Haya nataka mkono wa mama."

"Hakuna shida," Kimya akajibu. Kulikuwa na shida.

Mkewe aliyamaliza yote manne kabla ya chakula. Kila kipande cha risasi alikiwekea mistari miwili myembamba ya chaki ya kushonea, huku na huku, kama anavyotia alama ya tundu la kifungo. Kimya aliangalia yote hayo akiwa kwenye kochi, mikono kifuani. Alijiambia kwamba mtu mmoja tu, mtu mmoja akirudi kulalamika juu ya mkono wa mama, wimbo ule utaisha na jina lake litarudi kwenye ubao wake.

Alfajiri akaamka kabla ya mkewe. Akalichukua gurudumu la nne, akaing'oa risasi kwa koleo, akaibana tena vidole vitatu pembeni. Akaifuta ile mistari ya chaki kwa dole gumba, akapitisha na kitambaa juu, asiache dalili. Kisha akaenda kuoga.

Saa moja asubuhi daktari alifika na lile gari la kukodi. Wakapakia pamoja, mke akishika mlango. Gurudumu la mwisho likiwa mikononi mwa Kimya, daktari akasema, "Nampeleka mama yangu kwa dada yake. Ana miaka themanini na moja. Lile gari mzee alilinunua wakiwa wachumba, anasema anataka kukaa humo tena kabla hajafa. Saa saba njiani, na ile milima!"

Lile gurudumu likawa zito ghafla mikononi mwa Kimya. Hapohapo angeweza kusema, "Subiri, hili nilitazame tena." Lakini mkewe alikuwa amesimama pale, anamwangalia. Aanzeje? Aseme amegusa nini, kwa nini, lini?

"Daktari…"

"Naam, fundi."

"Usiende mbio."

"Na bibi kizee ndani? Nitaendaje mbio?" Akafunga mlango, akaondoka.

Siku tatu, jamani. Siku tatu Kimya hakula chakula kikashuka. Alikuwa anajitetea: tetemeko haliui mtu. Kisha anajijibu mwenyewe: tetemeko linalegeza nati, na nati zenyewe ni tatu. Linamchosha dereva mikono. Kwenye mteremko, na lori nyuma? Kila gari lililopunguza mwendo barabarani lilimnyanyua kwenye kochi. Namba ya daktari alikuwa nayo kwenye simu. Mara nne aliitoa, mara nne aliirudisha mfukoni.

"Unaumwa?" mkewe akamuuliza siku ya kwanza.

"Siumwi."

Siku ya pili akamuuliza, "Una la kuniambia?"

"Nikuambie nini?"

Siku ya tatu hakumuuliza.

Siku ya nne, adhuhuri, honi ikalia nje, ile ya kizamani inayolia kama bata. Daktari aliingia anacheka. "Mama mikono yako ibarikiwe! Gari lilikuwa linateleza kama liko juu ya siagi. Bibi kizee alilala njia nzima mdomo wazi, kila tukisimama namhesabia meno. Yamebaki manne."

Kimya aliketi. Akashukuru kimoyomoyo, kwa dhati kabisa. Na kabla shukrani haijafika mwisho, sikilizeni roho ya mtu ilivyo, gere likarudi. Vidole vitatu! Risasi imehama vidole vitatu na gari halikutikisika? Basi ama miaka kumi na tisa alikuwa anacheza na hewa, ama sasa hata kuharibu hajui tena.

"Usukani haukutetemeka kabisa?" akauliza. "Hata kwenye mteremko?"

"Fundi, mbona kama unasikitika?"

"Nauliza tu."

Daktari akaaga akaenda. Cherehani ikasimama.

"Magurudumu matatu yalikuwa na chaki yangu," mkewe alisema bila kugeuka. "La nne lilikuwa safi kama sahani. Ulilifuta vizuri mno, baba watoto."

Kimya akakosa pa kutazama. "Uliona lini?"

"Ukiwa unaoga. Huwa unaimba wimbo mmoja. Siku ile uliimba miwili, na wa pili hukuujua maneno. Nikajua kuna jambo. Nikalifunga kwenye habu, nikairudisha risasi mahali pake."

"Na ukanyamaza. Siku tatu unaniona nakufa!"

"Nilikuwa nakungoja useme. Ungesema neno moja tu, ningekwambia palepale kwamba yule mama wa watu yuko salama. Mara mbili nilikuuliza."

Mtu akibanwa ukutani hurusha chochote kilicho karibu. Kimya akarusha lile alilokuwa nalo siku zote. "Na wewe je? Nani alianza kunivua nguo mbele ya mgeni? Lisogeze tundu moja! Si ungenivuta pembeni, ungeniambia chumbani, mimi na wewe?"

"Ningekuvuta lini? Daktari hakuondoka."

"Kuondoka kwake kunahusu nini?"

Mkewe aliinuka. Akaenda mpaka kwenye nguzo, akaufunua mkeka kwa kidole cha mguu. Pale palipomeguka palikuwa pamezibwa na sementi mpya, imesawazishwa vizuri, imeshakauka zamani.

"Nilirudi sokoni nikakuta mkeka umehama," akasema. "Ulipokwenda kulala mchana nikalifagia lile vumbi. Jioni uliwabalansia watu magurudumu mawili, ukaenda kuoga. Nikayajaribu. Yote mawili hayakuwa sawa. Nikayafunga mara tatu, tundu kwa tundu, mpaka nikajua uzito upi ni wa gurudumu na upi ni wa habu. Nikayasahihisha. Tangu siku hiyo, kila uliyoyamaliza niliyapitia ukiwa bafuni. Ulikuwa ukifika kwenye kiitikio cha mwisho, mimi narudi kwenye vifungo vyangu."

"Yote?"

"Ishirini na sita. Isipokuwa ya daktari, maana yeye alichukua palepale, hakuniachia nafasi. Siku ile alipokaa kwenye kochi, ningefanyaje? Ama niseme, ama aondoke tena na gurudumu bovu."

Wote hawajarudi, ni wewe tu. Kimya alilisikia neno lake mwenyewe likimrudia, na jinsi alivyolisema kwa kifua. Miezi mitatu alitembea mtaani na kilemba cha ukoka, na aliyekuwa anakifunga kila jioni kisimdondoke ni huyu aliyekuwa anamwonea wivu.

"Kwa nini hukuniambia tu kwamba habu imeharibika?"

"Uliificha. Nikaona mtu akificha kitu anakionea aibu, nikangoja. Mimi na wewe tuna ugonjwa mmoja, baba watoto, sema mimi nangoja huku nafanya kazi." Akarudi kukaa. "Halafu ubao wa mlangoni una jina lako. Likichafuka, mimi nitaitwa mke wa nani?"

Alikanyaga cherehani, ikaunguruma, na Kimya akashukuru kelele zile, kwa sababu alikuwa analia na hakutaka kusikika.

Nisiwadanganye kwamba wivu ulimtoka siku ile. Wivu si chafya, hautoki mara moja. Hata wiki tatu baadaye, mteja alipoingia na gurudumu begani akauliza, "Mama yupo?", kile kimfupa kilisogea kooni kama kawaida. Lakini Kimya alilipokea lile gurudumu, akalifunga kwenye habu kwa mikono yake, akakaza nati tatu, akavuta kigoda akakiweka mahali pake. Kisha akafunga dirisha. Akazima feni.

"Acha wazi, kuna joto," mkewe akasema.

"Wewe fanya kazi."

Mama akaliachia gurudumu kwa vidole viwili. Likaanza kuteremka, taratibu. Mteja alitaka kuuliza kitu, Kimya akamtolea macho. Hapo ndipo yeye mwenyewe alipobanwa na kikohozi. Alijizuia mpaka machozi yakamtoka, akanyata, akafungua mlango kwa kuunyanyua kidogo usilie, akaurudishia nyuma yake, akavuka mpaka katikati ya barabara.

Kinyozi alikuwa mlangoni kwake na mkasi mkononi. "Kimya! Leo umefukuzwa na kwako?"

"Nimekuja kukohoa," akasema. "Fundi yuko kazini." Na hapo barabarani akainama, akakohoa mpaka akamaliza.